Kutia Mkono Bila Kuketi Mezani

(Maneno yaliyosemwa Jumapili mbele ya wafanyakazi wa mgodi na watu wa mji. Tunayachapa kama yalivyosemwa.)



Tumeombwa tuseme juu ya amani. Watu wengi wanafikiri kwamba vita ndiyo jambo gumu na amani ni jambo rahisi: bunduki zinanyamaza, askari wanarudi kwao, maneno yamekwisha. Sisi makarani, tunaoshinda na vitabu vya hesabu, tunajua kwamba siku ya kufunga kazi ndiyo siku hesabu inapoanza. Leo tunataka kufungua mbele yenu hesabu moja kubwa iliyofungwa vibaya. Ni amani iliyoandikwa mwaka 1919 huko Versailles, karibu na Paris, baada ya vita ya 1914 mpaka 1918, na mambo iliyowaletea Wajerumani walioshindwa, wale ambao wazee wetu waliwaita Wadachi.

Mtatuuliza: Wadachi wanatuhusu nini sisi? Wanatuhusu, na tutafika huko. Babu zetu walikuwa ndani ya vita ile. Lakini tuanze na karatasi, na mkono ulioitia sahihi.

Mwezi wa Septemba 1918 majemadari wa Ujerumani walijua kwamba wameshindwa. Tarehe 29 ya mwezi ule Jenerali Ludendorff, aliyeongoza vita pamoja na mkubwa wake Hindenburg, aliiambia serikali iombe upesi vita isimamishwe, maana jeshi halikuweza tena. Sikilizeni vizuri: jemadari ndiye aliyeomba. Lakini tarehe 11 Novemba, katika wagoni la gari la moshi lililosimamishwa ndani ya msitu wa Compiègne, mtu aliyeongoza ujumbe wa kutia sahihi hakuwa Ludendorff wala Hindenburg. Alikuwa raia, mbunge, jina lake Matthias Erzberger. Kaisari mwenyewe alikuwa amekwisha kukimbilia Uholanzi siku moja mbele. Serikali mpya ya jamhuri, iliyokuwa na umri wa siku mbili tu, ikapokea mzigo wa vita ambayo haikuianza.

Hapa kazini tunajua namna hiyo. Kapita anavunja mashine, halafu anamtuma kijana wa mlangoni apeleke barua kwa bwana mkubwa. Bwana anamkasirikia nani? Yule anayemwona mbele yake.

Halafu jambo likazidi kuharibika. Askari wa Ujerumani walirudi kwao wakipiga mguu pamoja na ngoma zao, na katika inchi yao hawakuona adui hata mmoja, kwa sababu vita ilikuwa imepiganwa katika inchi za wengine. Mwezi wa Desemba Bwana Ebert, kiongozi wa serikali mpya, aliwapokea Berlin akawaambia kwamba hakuna adui aliyewashinda. Labda alitaka kuwatuliza tu. Lakini mwaka uliofuata, Novemba 1919, Hindenburg alisimama mbele ya tume ya bunge akasema kwamba jeshi lilichomwa kisu mgongoni na watu wa nyumbani. Ulikuwa uongo. Yeye na mwenzake walijua kuliko watu wote ni nani aliyeomba vita isimame. Lakini uongo ule ulikuwa mtamu kwa watu wenye uchungu, wakaumeza. Bwana Erzberger aliuawa kwa risasi mwezi wa Agosti 1921, akiwa anatembea msituni. Waliomuua walikuwa maofisa wa zamani wa jeshi.

Sasa tuje Versailles yenyewe. Wakubwa walianza mkutano Paris tarehe 18 Januari 1919. Neno kubwa lilikuwa la watu wanne: Wilson wa Marekani, Clemenceau wa Ufaransa, Lloyd George wa Uingereza, na Orlando wa Italia. Wakasemezana miezi mitatu na zaidi, wakagombana, wakakata mipaka. Wajerumani hawakuwa ndani. Waliitwa mwisho mwisho, na tarehe 7 Mei wakapewa kitabu kizima cha mapatano, kimekwisha kuandikwa. Hawakuruhusiwa kuketi na kujadiliana kwa mdomo. Walipewa siku chache waandike maneno yao kwenye karatasi. Wakaandika mengi, yakabadilishwa machache, kisha wakaambiwa: tieni mkono, ama sivyo majeshi yanaingia. Serikali moja ya Ujerumani ikajiuzulu kwa kukataa. Nyingine ikatafutwa. Mawaziri wawili, Müller na Bell, wakaenda kutia sahihi tarehe 28 Juni 1919.

Sisi tuliosoma kwa misioni tulifundishwa tarehe hiyo kwa moyo, pamoja na jina la chumba: Chumba cha Vioo, katika jumba la wafalme wa Ufaransa. Hatukufundishwa kwa nini chumba kile kilichaguliwa. Ni kwa sababu mwaka 1871, Wajerumani walipowashinda Wafaransa, mfalme wao alitangazwa Kaisari ndani ya chumba kilekile. Wafaransa walingoja miaka 48 wapate kurudisha aibu ile mahali pake. Na tangu Novemba mpaka Julai 1919 manowari za Waingereza zilikuwa bado zimefunga bahari. Chakula kiliruhusiwa kuingia kwa vipimo kuanzia mwezi wa Machi, lakini watu wa miji ya Ujerumani walikuwa na njaa wakati wakubwa wakiandika.

Tusije tukadanganyana, wandugu. Wajerumani hawakuwa kondoo. Mwaka ule 1871 wao wenyewe waliwalipisha Wafaransa miliari tano za franka (miliari moja ni milioni elfu moja, tukumbuke), wakaacha askari katika inchi mpaka Wafaransa walipomaliza kulipa mwaka 1873. Mwezi wa Machi 1918 waliwashurutisha Warusi watie mkono huko Brest-Litovsk, wakawanyang'anya sehemu kubwa ya inchi na machimbo ya makaa. Huko Ubelgiji, inchi ambayo haikuwa na ugomvi nao, waliingia kwa nguvu, wakaua raia, wakawakamata wafanyakazi kwa maelfu na kuwapeleka kazi ya lazima. Na katika Ufaransa ya kaskazini, walipokuwa wanarudi nyuma, waliharibu migodi ya Lens wakaijaza maji. Ninyi mnaoshuka chini mnajua maana ya mgodi kujazwa maji. Mtu akiuliza kama ilikuwa haki Ujerumani ilipe, sisi tunajibu: ndiyo, ilikuwa haki ilipe. Shauri ni namna ya kulipa, na ni nani aliyelipa.

Mapatano yale yaliitoa Ujerumani karibu sehemu 13 kwa 100 ya inchi yake ya Ulaya, na mtu mmoja kwa kila kumi. Alsace na Lorraine zilirudi kwa Wafaransa. Poland ikazaliwa tena na kupata njia ya kufika baharini. Jeshi likapunguzwa mpaka watu 100,000, bila ndege na bila manowari za chini ya maji. Migodi ya makaa ya Saar ikawa mali ya serikali ya Ufaransa kwa miaka 15. Makoloni yote yakaondolewa. Na kulikuwa na kifungu namba 231, kilichosema kwamba Ujerumani na wenzake ndio wenye wajibu wa hasara zote, kwa sababu ni wao walioanzisha vita. Wanasheria waliokiandika walitaka msingi wa kudai feza, basi. Mtu wa Ujerumani alikisoma namna nyingine: wewe, na mama yako, na mtoto wako aliyekufa mbele ya adui, ninyi ndio waovu. Watu waliogawanyika katika kila jambo, wa kanisa na wasio wa kanisa, matajiri na wafanyakazi, waliungana kukichukia kifungu kile. Hakuna kitu kingine kilichowaunganisha hivyo.

Hesabu ya deni haikuandikwa mwaka 1919. Ilingoja mpaka Mei 1921, ikawekwa miliari 132 za marki za dhahabu. Hapa sisi makarani tunaomba tusimame kidogo, kwa sababu ni fasi ambayo wengi wanapita mbio. Deni lile liligawanywa katika hati za namna tatu, A na B na C. Za A na B jumla yake ilikuwa miliari 50. Hizo zilikuwa deni la kweli. Za C zilikuwa miliari 82, na wakubwa waliojua hesabu walijua kwamba hazitalipwa. Kwa nini basi ziliandikwa? Kwa sababu wakubwa wa Uingereza na Ufaransa walikuwa wamewaahidi watu wao kwamba Mjerumani atalipa kila kitu, na hawakuwa na ujasiri wa kurudi kwao na namba ndogo. Waliandika namba kubwa ili wapigaji kura wao wafurahi. Lakini kitabu cha hesabu kinasomwa na pande mbili. Yule mwenye kudai aliisoma 132 akashangilia. Yule mwenye kudaiwa aliisoma 132 akakata tamaa, akasema: hata nikifanya kazi mpaka wajukuu zangu, haitakwisha, basi kwa nini nilipe? Tunamjua mtu mwenye deni la namna hiyo dukani. Anapita njia nyingine.

Kulikuwa na Mwingereza mmoja, Keynes, mtu wa hesabu za serikali yake, aliyeondoka Paris mwezi wa Juni 1919 kwa hasira, na kabla mwaka haujaisha akatoa kitabu akieleza kwamba amani hii italeta msiba. Kitabu chake kilisomwa sana. Wako wataalamu wanaosema aliongeza chumvi, na kwamba Ujerumani ingeweza kulipa zaidi ya alivyofikiri. Labda wana haki. Lakini kuweza kulipa na kukubali kulipa ni vitu viwili, na mkutano ule haukuwauliza Wajerumani juu ya cha pili.

Sasa sikilizeni ninyi wa chini ya mgodi, maana habari hii ni ya wenzenu.

Bonde la Ruhr ni fasi ya migodi ya makaa na viwanda vya chuma, upande wa magharibi wa Ujerumani. Mapatano yalisema makaa yapelekwe Ufaransa, Ubelgiji na Italia kama sehemu ya malipo. Mwisho wa mwaka 1922 Ujerumani ilikuwa nyuma katika kutoa miti, nguzo za simu hasa, na pia makaa. Basi tarehe 11 Januari 1923 askari wa Ufaransa na wa Ubelgiji waliingia Ruhr pamoja na mainjinia, wapate kuchukua makaa wenyewe. Serikali ya Berlin haikuwa na jeshi la kuwazuia. Ikawaambia watu: msitii. Wachimbaji wakakataa kuchimba kwa ajili ya askari. Watu wa reli wakaacha magari. Makarani wakaficha vitabu (na hapo tunawasifu wenzetu). Wafaransa na Wabelgiji wakalazimika kuleta watu wao wa reli, na makaa waliyoyapata miezi ya kwanza yalikuwa machache kuliko yale waliyokuwa wakipata mbele ya kuingia. Bunduki inaweza kufungua geti la mgodi, lakini haishiki sururu.

Walifukuza watu wa Ruhr na familia zao, zaidi ya 100,000, wengi wao watu wa reli na wa serikali. Tarehe 31 Machi, siku moja kabla ya Pasaka, kikosi kidogo cha Wafaransa kiliingia kiwanda cha Krupp, mji wa Essen, kuchukua magari. Ving'ora vikalia, wafanyakazi wakatoka kwa maelfu wakawazunguka. Askari wakapiga risasi. Watu 13 wakafa.

Lakini mtu aliyegoma anakula nini? Serikali ya Ujerumani iliahidi kuwalipa mishahara wale wote waliokataa kazi. Haikuwa na feza, ikachapa karatasi. Ilikuwa imekwisha kuanza kuchapa tangu wakati wa vita, maana Kaisari alipigana kwa kukopa, akitumaini walioshindwa watalipa. Basi tusiseme yote yalitoka Versailles. Lakini mwaka ule wa Ruhr mashine za kuchapa hazikulala. Wafanyakazi wakalipwa kila siku, kisha mara mbili kwa siku, na wanawake wakangoja mlangoni wapokee mshahara wakimbie sokoni kabla bei haijapanda tena. Mwezi wa Novemba 1923 dola moja ya Marekani ilinunuliwa kwa marki miliari 4,200. Mkate mmoja Berlin ulifika miliari 200. Mzee aliyejiwekea akiba miaka thelathini hakuweza kununua nayo hata tembo ya barua. Mwenye deni kubwa na mwenye kiwanda hakuumia sana, kwa sababu deni lake liliyeyuka na kiwanda kilibaki. Walioumia walikuwa wenye akiba ndogo, wajane, walimu, na wale wa pensheni.

Tarehe 26 Septemba serikali ilisimamisha mgomo, maana haikuwa na nguvu tena. Na mwisho wake ulikuwa nini kwa wachimbaji? Mwezi wa Novemba wenye migodi walipatana wenyewe na Wafaransa kupeleka makaa, na wakarefusha saa za kazi za chini. Saa zile wachimbaji walikuwa wamezipata baada ya vita kwa kugoma na kwa vyama vyao. Wakubwa wa inchi mbili waligombana juu ya makaa, na mwishoni mchimbaji ndiye aliyeongezewa saa. Askari wa mwisho waliondoka Ruhr mwaka 1925.

Kuna jambo jingine la miaka ile ambalo hatuwezi kulificha hapa, ingawa linauma. Kati ya askari ambao Ufaransa iliwaweka kando ya mto Rhine walikuwamo watu wa Afrika: Wasenegali, Wamoroko, Waaljeria na wengine. Hawakujipeleka wenyewe. Lakini Wajerumani, katika hasira yao, waliona kwamba aibu kubwa kupita zote ni kulindwa na mtu mweusi. Magazeti yao yakajaza matusi na uongo juu ya askari hao, na hata katika Uingereza na Marekani wakapata watu wa kuwasikiliza. Wale waliowaleta hawakuguswa. Na waliokuja kulipa ni watoto. Katika mwaka 1937 serikali ya Hitler iliwakusanya kwa siri watoto mamia kadhaa waliozaliwa na wanawake wa Kijerumani na askari hao, ikawakata uzazi hospitalini. Walikuwa vijana wa miaka kumi na kitu. Hawakuwa wamezaliwa siku karatasi ilipotiwa mkono.

Tumesema tutafika kwetu. Tarehe 19 Septemba 1916 askari wa Kongo, chini ya maofisa wa Ubelgiji, waliteka Tabora katika koloni la Wajerumani. Nyuma yao walikuwa wapagazi, wengi kupita askari, wenye mizigo kichwani, na wengi wao walikufa njiani kwa homa, kwa kuhara na kwa njaa, bila kuandikwa katika kitabu chochote. Walishinda. Sasa tazameni mshindi alipata nini.

Huko Paris, tarehe 30 Mei 1919, karibu mwezi mmoja mbele ya Wajerumani kutia mkono, Bwana Orts wa Ubelgiji na Lord Milner wa Uingereza walipatana wawili tu: Rwanda na Burundi kwa Ubelgiji, sehemu nyingine kwa Uingereza. Na hata hivyo Ubelgiji haikuzitaka Rwanda na Burundi kwa ajili yao wenyewe. Ilitaka kuzitumia kama karata, ipate kubadilishana na wengine na kupata ukingo wa kusini wa mdomo wa mto Kongo, ulio wa Wareno. Mchezo ukashindikana, karata zikabaki mkononi. Gisaka, sehemu ya Rwanda upande wa mashariki, ilikatwa na kupewa Waingereza kwa sababu ya reli waliyotaka kujenga. Mwami Musinga akalalamika, mapadri wakalalamika, ikarudishwa miaka michache baadaye. Mfalme huyo hakuitwa Paris. Watu wa Tabora hawakuitwa. Askari wetu waliopiga vita hawakuitwa. Mjerumani alilalamika kwamba hakuketi mezani, na alikuwa na haki ya kulalamika, lakini yeye angalau aliletewa kalamu.

Mkongomani mmoja alijaribu kusema. Paul Panda Farnana alikuwa amesoma Ubelgiji, na mwaka 1914 alishika bunduki kuitetea inchi ile. Wajerumani wakamkamata Namur, akakaa mfungwa mpaka vita ikaisha. Mwaka 1919 alianzisha Union Congolaise, chama cha watu wa Kongo waliokuwa kule Ubelgiji, akaomba watu weusi wapewe sauti katika serikali ya inchi yao. Magazeti ya kikoloni yakamwita mtu wa hatari. Alikufa mwaka 1930.

Na Ubelgiji ilikata kipande kingine pia, Eupen na Malmedy, mpakani mwa Ujerumani. Huko watu waliulizwa. Namna waliyoulizwa mtaipenda ninyi mnaojua maofisi. Mwaka 1920 kiliwekwa kitabu: yule asiyetaka kuwa wa Ubelgiji aje mbele ya mtu wa serikali, aandike jina lake. Siyo kura ya siri. Ni jina lako na sahihi yako, katika miezi ya kadi za chakula na vibali. Katika watu zaidi ya 33,000 wenye haki ya kusema, walioandika ni 271. Ikatangazwa kwamba watu wamekubali.

Je, Hitler alizaliwa na Versailles? Wengi wanasema hivyo, na sisi hatukubali upesi. Mwaka 1924 deni lilipangwa upya na mikopo ya Marekani ikaingia. Mwaka 1926 Ujerumani iliingia katika Shirika la Mataifa, na Stresemann wa Ujerumani pamoja na Briand wa Ufaransa wakapewa tuzo ya amani ya Nobel. Watu wale wawili walisemezana kama watu. Katika uchaguzi wa 1928, miaka tisa baada ya Versailles, chama cha Hitler kilipata sehemu mbili na nusu tu kwa 100. Basi kidonda kilikuwa kinaanza kufunga. Halafu mwaka 1929 feza za Marekani zikavunjika, mikopo ikarudishwa kwao, na mapema 1932 watu wasio na kazi katika Ujerumani walikuwa milioni sita. Mwezi wa Julai mwaka ule Hitler akapata 37 kwa 100. Njaa ndiyo iliyowapeleka kwake. Lakini walipofika walikuta maneno yamewekwa tayari tangu zamani: kisu mgongoni, kifungu 231, namba 132. Deni lenyewe lilifutwa karibu lote huko Lausanne mwaka uleule wa 1932, wakati ambapo kufutwa hakukumsaidia tena mtu aliyelitumikia kwa uaminifu. Na aliyemwapisha Hitler kuwa mkubwa wa serikali, tarehe 30 Januari 1933, alikuwa Hindenburg. Ndiyo, yule yule.

Juni 1940 Hitler aliwashinda Wafaransa. Akaamuru lile wagoni la 1918 litolewe katika nyumba lilimowekwa, likarudishwa msituni Compiègne pale pale, na Wafaransa wakatia mkono ndani yake. Chumba kwa wagoni, wagoni kwa chumba.

Baada ya vita ya pili, iliyokwisha Ulaya Mei 1945, adhabu haikuwa ndogo. Inchi iligawanywa, mamilioni ya Wajerumani walifukuzwa mashariki wakija na vifurushi tu, mashine za viwanda zikafunguliwa na kupelekwa. Safari hii hakuna aliyeweza kusema jeshi halikushindwa, kwa sababu adui alikuwa Berlin mwenyewe, na majemadari ndio waliotia mkono. Na baada ya miaka michache wale wa magharibi walifanya jambo ambalo 1919 halikufanyika. Mwaka 1951 Ufaransa, Ujerumani ya Magharibi, Ubelgiji, Italia, Uholanzi na Luxembourg walipatana kuyaweka makaa na chuma chao chini ya usimamizi mmoja. Makaa yaleyale ya Ruhr. Na mwezi wa Februari 1953, huko London, wenye kudai na mwenye kudaiwa waliketi meza moja, wakahesabu anachoweza kutoa bila kuua watu wake, na madeni ya zamani yakapunguzwa kwa nusu hivi. Walifanya hivyo kwa sababu waliwaogopa Warusi, hatuwapi sifa kupita kiasi. Na meza hiyo iliwekwa kwa ajili ya Ujerumani. Inchi za makoloni zilizolima mpira na kuchimba madini kwa ajili ya vita zile mbili hazikuwekewa meza ya namna hiyo.

Palibaki kipande cha hesabu. Faida za ile mikopo ya 1924 na 1930, iliyochukuliwa ili kulipa deni la Versailles, ziliwekwa kando mpaka siku Ujerumani itakapoungana. Iliungana tarehe 3 Oktoba 1990. Malipo ya mwisho yalitolewa tarehe 3 Oktoba 2010, miaka 91 baada ya Müller na Bell kushika kalamu.

Tumewachosha, wandugu. Pale nyuma tunaona mzee mmoja ameinua mkono tangu tulipotaja wapagazi wa Tabora. Anasema babu yake alikuwa mmoja wao. Mzee, tafadhali, njoo mbele uketi hapa, utuambie.